Boti nzito haifundishwi mbio kwa mashine peke yake

Ghuba ya Mikindani ina maji matulivu, na boti za safari ndefu hupenda kutia nanga pale. Mojawapo ilibaki. Mzungu aliyekuja nayo alichoka na bahari, akamuuzia bwana mmoja wa Shangani, Mtwara mjini: mita 11 kwenye mstari wa maji, yaani urefu wa sehemu inayogusa maji, tani tisa, dizeli moja ya nguvu farasi 120. Ndani ina jiko, vitanda na tangi za kukupeleka mbali, ila haina haraka. Kilwa Masoko ni kama maili 90 za baharini kutoka Mtwara. Kwa noti zake saba na nusu (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), ukitoka alfajiri unafika magharibi. Bwana yule alitaka noti kumi na tano, na kila aliyepita ufukweni alikuwa na dawa yake. Mimi nilikuwapo kama msaidizi wa fundi, kwa hiyo dawa zote nilizisikia.

"Funga mashine kubwa, itaruka yenyewe"

Hii ndiyo iliyosemwa zaidi, tena kwa sauti kubwa zaidi. Inatokana na tunachokiona kila siku: boti nyepesi ya fiba ikifungwa mashine ya nje yenye nguvu mara mbili, kweli inaruka. Tumbo lake ni bapa kuelekea nyuma, linapanda juu ya maji na kuteleza. Boti ya tani tisa yenye mkuku, ule uti wa chini, na nyuma ya mviringo haipandi. Inayagawa maji, na maji hayo yanageuka mawimbi, moja kwenye omo, yaani pua ya boti, na jingine nyuma yake.

Mwingereza William Froude alilichunguza jambo hili karne ya 19 kwa kuvuta vielelezo vidogo vya meli majini. Wimbi lina tabia yake: likiwa refu, linakwenda kasi. Boti ikiongeza mwendo, wimbi lake la mbele linarefuka mpaka linalingana na urefu wa boti yenyewe. Ukilazimisha kupita hapo, omo inabaki juu ya kilima na tezi, yaani nyuma ya boti, inazama bondeni, na kila farasi unayeongeza anatumika kupandisha mlima ambao boti inauchimba upya kila dakika. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa mita, zidisha kwa 2.43. Kwa mita 11 unapata noti nane. Ndiyo hiyo boti yetu.

Chini ya kiwango hicho tayari kasi ni ghali. Nguvu inayohitajika hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi, yaani mwendo mara mbili unadai nguvu mara nane. Ukifika kwenye kilima cha wimbi, hata mara nane hazitoshi. Tena nyuma ya mviringo huvutwa chini na maji yanayopita kasi, hivyo tezi inazama, moshi unakuwa mweusi, na wimbi la nyuma linaanza kuchungulia ndani. Nilimwambia bwana yule kwamba kwa farasi 300 angepata kelele, deni la dizeli, na labda noti moja na nusu ya ziada. Hakunifurahia siku ile.

Gharama nyingine haitajwi ufukweni. Mashine kubwa inataka shafti nene, giaboksi yake, misingi imara ya kuikalia, usukani wenye nguvu, na tangi kubwa zaidi. Vyote hivyo ni uzito. Na chombo kilichobadilishwa hivyo kinastahili kuonwa upya na wakaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla hakijapakia watu.

"Basi noti nane ni ukuta, hakuna chombo kinachovuka"

Huku nako ni kupotoka upande wa pili. Nenda Msanga Mkuu uangalie ngalawa yenye upepo mzuri. Ni fupi kuliko boti yetu lakini inaweza kuipita, kwa sababu ni nyembamba na nyepesi, mirengu inaishika isipinduke, na wimbi inalolitengeneza ni dogo mno kuizuia. Kile kiwango ni adhabu ya unene na uzito pamoja.

Ndiyo maana dawa ya kwanza ya maana ilikuwa kushusha vitu. Tulitoa nanga mbili za akiba, betri zilizokufa, minyororo, na maji ya tangi zima ambayo hayakuhitajika kwa safari ya siku moja. Lita 500 za maji ni nusu tani, na bwana yule alikuwa akiitembeza bure.

"Propela kubwa ya mbio"

Propela yenye mapanga yaliyokaa mshazari sana husukuma maji mengi kwa kila mzunguko, ila mashine ya dizeli sharti ifikie mizunguko yake iliyoandikwa na mtengenezaji ukikanyaga mafuta yote. Ikishindwa, imelemewa: moshi mweusi, joto, na umri wa mashine unakatika. Tulipojaribu, yetu ilikuwa pungufu kwa mizunguko zaidi ya mia tatu kwa dakika. Kumbe mwenye boti wa kwanza naye alisikia ushauri huo huo! Tukapunguza mshazari wa mapanga, na mashine ikapumua. Kwa chombo kizito, propela pana inayozunguka taratibu ndiyo inayosukuma vizuri.

"Imeongezeka noti mbili baada ya kupakwa rangi"

Hapa kuna ukweli na uongo umelala kitanda kimoja. Ukweli: kwenye maji ya joto kama yetu, ukoga na magamba huota kwa wiki chache, na propela yenye magamba hupoteza nguvu kupita unavyodhani. Wazee wa majahazi walipaka deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, wakijua wanachofanya. Sisi tulingoja bamvua, tukaiegemeza boti kwenye mchanga, maji yalipokupwa tukakwangua na kupaka rangi yenye shaba ndani yake, ya kuzuia magamba.

Uongo ni zile noti mbili. Waliosema hivyo walipima kwa GPS wakielekea kaskazini, msimu wa kusi. Pwani hii mkondo wa bahari huenda kaskazini mwaka mzima, na kusi ikivuma unapata nguvu zaidi. GPS inapima mwendo wako juu ya ardhi, mkondo ukiwa umekubeba. Pima ukienda, geuka upime ukirudi njia ile ile, kisha gawanya kwa mbili. Tulipofanya hivyo, noti mbili zikawa nusu noti tu.

"Irefushe nyuma"

Inawezekana, na mafundi wa kweli huifanya. Lakini mita moja na nusu zaidi inasogeza kiwango chetu kutoka noti 8 hadi 8.6 tu. Faida kubwa ni tezi kuacha kuzama. Bwana yule alisikia bei ya fiba, akanyamaza.

Mwishowe boti ikawa inakwenda noti nane safi. Kusi ilipopoa kidogo alitoka saa kumi na moja alfajiri, akashika maji ya nje kwenye mkondo, na saa nane mchana alinipigia simu yuko Kilwa Masoko, anatafuta chakula. Kurudi alijibana karibu na nchi, ambako mkondo ni dhaifu, akalala Lindi usiku mmoja. Alishusha mwendo hadi noti sita na nusu, na alipofika Mikindani alinionyesha kijiti cha kupimia mafuta ya tangi kabla hata ya kusalimia.