Sindano ya insulini haikuja kuua

Barazani Ngamiani, kahawa ikimiminwa, hukosi kusikia: "Fulani kaanzishiwa sindano ya sukari, basi tena." Maneno haya yamekaa Tanga miaka mingi, na chanzo chake kinaeleweka. Wengi huanza insulini, inayoshusha sukari ya damu, wakiwa wamechelewa, figo au macho yameshaguswa. Lawama inaiangukia sindano, iliyofika mwisho.

Katika kisukari aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni, kongosho, kiungo cha mwili kinachotengeneza insulini, haliitoi, au huitoa kiduchu mno. Hapo sindano ni uhai tangu siku ya kwanza. Januari 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa insulini akiwa mahututi. Akaishi miaka 13 zaidi.

Aina ya pili ndiyo ya wengi. Insulini ipo ila mwili hauisikii vizuri, hivyo huanza na vidonge kama metformini. Miaka ikipita kongosho huchoka, na sindano huongezwa. Wengine huchomwa kwa muda tu, mfano wakati wa ujauzito.

Kwa nini isiwe kidonge? Insulini ni protini. Tumbo lingeimeng'enya kama dagaa.

Cha kuchunga ni sukari kushuka, hasa ukichoma kisha ukaruka mlo. Mikono ikitetemeka na jasho likikutoka, kunywa upesi maji yenye sukari. Na joto letu hili! Asiye na friji huweka kichupa ndani ya chungu kilichokalishwa kwenye mchanga mbichi, kivulini.