Filamu ya anime iliyotoka kwenye televisheni: mimi huipima hivi

Mtu akiniuliza kama filamu fulani ya anime, yaani katuni za Kijapani, ni nzuri, nami humuuliza: ni ya aina gani? Wengi hukasirika. Wanataka ndiyo ama la, kwa sababu bando linakwisha na filamu ni ya saa mbili. Lakini filamu iliyozaliwa na mfululizo wa televisheni haina kipimo kimoja. Kuna inayofupisha mfululizo mzima, kuna inayouendeleza pale ulipoishia, kuna inayojipenyeza katikati ya vipindi bila kubadilisha chochote, na kuna inayosimulia upya kisa kile kile kwa njia nyingine. Zote zinafanana kwa jambo moja: mtazamaji ameingia akiwa na kitu kichwani tayari. Ninachotaka kujua ni filamu inakitumiaje kitu hicho.

Mimi ni mhariri wa video hapa Kisumu. Mchana nakata harusi, matangazo ya biashara na nyimbo za wasanii wa mjini. Jioni nafundisha vijana uhariri, na karibu wote wamelelewa na anime kuliko na mimi. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayeangalia mahali pa kukata. Mchoraji angewaambia mengine.

Tuanze na saa. Huko Japani kipindi cha anime hupewa nafasi ya nusu saa. Toa matangazo, zinabaki kama dakika 24. Toa wimbo wa kufungulia, sekunde 90, na wa kufungia, sekunde 90 nyingine, umebaki na dakika 21 hivi za hadithi. Nazo hukatizwa katikati na tangazo, kwa hiyo mwandishi analazimika kukuwekea kitu cha kukushika kila baada ya dakika kumi: siri imefichuka, adui amejitokeza, mtu kaanguka. Mwishoni anakuwekea kikubwa zaidi ili urudi wiki ijayo. Ni ufundi, siudharau. Shida huanza vipindi sita vinapounganishwa kuwa filamu na vilele vile vikaachwa palepale. Ukumbini hakuna tangazo la kukupumzisha wala wiki ya kusubiri. Unapandishwa, unashushwa, unapandishwa tena, na ukifika kwenye kilele chenyewe umeshachoka.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, fungua filamu ya muhtasari kwenye programu yoyote ya uhariri, halafu tazama mawimbi ya sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Vijana wangu huwa hawaniamini mpaka wayaone. Muziki unavimba, unashuka, kimya kifupi, unavimba tena, kwa masafa yanayokaribiana mno. Filamu iliyofikiriwa kama filamu haina mpangilio huo. Itakaa chini muda mrefu watu wakizungumza tu, halafu ije kelele isiyo na pumzi, halafu kimya ambacho kwenye televisheni ungedhani mitambo imeharibika.

Muhtasari unaweza kufanywa kwa akili. Mfululizo wa maroboti ya kivita, Mobile Suit Gundam wa mwaka 1979, ulikuwa na vipindi 43. Mwaka 1981 na 1982 ukageuzwa filamu tatu, kila moja ikizidi saa mbili. Piga hesabu: kama saa 15 za hadithi zimeshushwa hadi saa saba hivi. Mhariri mwoga angepunguza kidogo kidogo kila mahali, akabaki na filamu ambayo kila tukio linakimbia. Mwongozaji Yoshiyuki Tomino na wenzake walikuwa tayari kutupa kisa kizima kibaki nje, ili vile vilivyobaki vipate nafasi. Filamu ya tatu ndiyo iliyopata michoro mipya mingi zaidi; Yoshikazu Yasuhiko, aliyebuni sura za wahusika, aliugua mfululizo ulipokuwa ukielekea mwisho, na kwenye filamu akarudi kuchora. Ukitazama kwa makini utaona uso wa mtu mmoja ukibadilika unene wa mistari na kina cha vivuli kutoka picha moja hadi nyingine. Hilo mimi husamehe. Siwezi kusamehe kukata mazungumzo nusu ili tu mtu afike vitani.

Kipindi cha 15 ni kimoja cha vile vilivyoachwa nje. Kinamhusu askari aliyelikimbia jeshi lake na kuishi kisiwani akilea watoto waliopoteza wazazi. Mwaka 2022 Yasuhiko huyo huyo akakichukua, akakifanya filamu nzima, Cucuruz Doan's Island. Sasa tatizo limegeuka: dakika 20 zijaze zaidi ya saa moja na nusu. Alichofanya ni kuongeza watoto wakawa kundi kubwa, kisha akazipa nafasi kazi zao za kila siku, kulima, kupika, kugombana. Hizo ndizo sehemu ninazozipenda. Mambo ya makamanda na mipango yao ya kivita yameongezwa pia, na hapo filamu inanepa bila sababu.

Aina ya kujipenyeza katikati ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa huonekana rahisi. Filamu ya Cowboy Bebop ya mwaka 2001 imewekwa kati ya kipindi cha 22 na cha 23 cha mfululizo wenye vipindi 26. Maana yake, mashujaa wake, Spike, Jet, Faye na Ed, hawaruhusiwi kubadilika. Hawawezi kufa, kupendana, wala kujua jambo ambalo kipindi cha 23 hakilijui. Filamu ya namna hii ni mgeni aliyelala sebuleni kwako: asubuhi blanketi lazima likutwe limekunjwa. Nani sasa abebe mabadiliko? Mwongozaji Shinichirō Watanabe akamleta mtu wa nje, Vincent, askari wa zamani asiyejua tena kama anaota ama yuko macho, na uzito wote ukamwangukia yeye na mwanamke anayemkumbuka. Filamu nyingi za mifululizo mirefu hujaribu ujanja huu zikashindwa, kwa kuwa mgeni wao ni adui mwenye nguvu kuliko wote waliopita, basi. Anakuja, anapigwa, anasahaulika. Ukimaliza filamu ya aina hii, jiulize kama unalikumbuka jina la mgeni.

The Castle of Cagliostro ya mwaka 1979 ni ya kufunzia darasani. Ni filamu ndefu ya kwanza Hayao Miyazaki kuiongoza, nayo imetokana na Lupin III, mfululizo uliokwishaonyeshwa vipindi vingi kwenye televisheni. Inaanza Lupin na Jigen wakikimbia na pesa walizoiba kwenye kasino. Gari limejaa noti mpaka hawaonekani. Wanashangilia. Halafu Lupin anaitazama noti moja vizuri, anagundua ni bandia, na wote wawili wanaanza kuzimwaga barabarani kupitia madirishani. Ndani ya dakika chache, mtu ambaye hajawahi kulisikia jina la Lupin ameshajua kwamba ni mwizi, ni stadi, anacheka hata akipata hasara, na ana jicho la kutambua kitu bandia. Anayemjua tangu zamani naye amefurahi kumwona tena. Hakuna aliyeketishwa chini akahadithiwa historia.

Hapo ndipo napenda kuwaweka watazamaji wawili pamoja, mmoja aliyeumaliza mfululizo na mmoja asiyejua lolote, nami nikae nyuma yao nikiwatazama wao badala ya filamu. Yule mgeni akiuliza "huyu ni nani?" si kosa la filamu papo hapo. Natazama kama jibu linakuja lenyewe baadaye. Nakala zinazosimuliwa na DJ, ule mtindo ambao DJ Afro aliufanya uvume nchi nzima, hazifai kwa jaribio hili. Ukichukua nakala kama hiyo kwenye duka la muvi kule Kondele, DJ atakuwa ameshakwambia huyu ni nani, baba yake ni nani na amekasirikia nini. Utamu upo, nami husikiliza na kucheka, lakini DJ anakuwa amemfanyia mwandishi kazi ambayo mwandishi hakuifanya.

Kuna filamu moja inayolikataa jaribio langu, na ndiyo iliyonifanya nisiseme kwamba filamu njema ni ile inayojitegemea. The Disappearance of Haruhi Suzumiya, ya mwaka 2010, ina zaidi ya dakika 160. Asubuhi moja ya Desemba, mwanafunzi Kyon anafika shuleni na kukuta Haruhi, kiongozi wa klabu yao ya vituko, hayupo, na wenzake wa klabu hiyo ama hawapo ama hawamjui. Nagato, mmoja wa klabu hiyo, ambaye kwenye mfululizo alikuwa haonyeshi hisia yoyote, sasa ni msichana wa kawaida mwenye haya, anayeona aibu hata kuangaliwa. Mgeni ataona shule tu, na baridi, na kijana anayebabaika. Mwenyeji, yule aliyeuona mfululizo, anaumia, kwa sababu anazifahamu vurugu zilizopotea, na Nagato akitabasamu anajua tabasamu hilo limenunuliwa kwa gharama gani. Mbele ya kompyuta ya zamani Kyon lazima achague, abonyeze kitufe ulimwengu wa zamani urudi ama asibonyeze, na uchaguzi huo hauna uzito wowote kwa asiyeujua mfululizo. Kumbukumbu ya mtazamaji imegeuzwa kuwa malighafi ya filamu. Kumtupia mgeni majina na kumwacha apotee ni uvivu. Hapa kilichofanyika ni kazi nyingine kabisa.

Sasa Mugen Train, maana ndiyo inayoleta ubishi zaidi darasani. Anayeogopa kuharibiwa utamu aziruke aya mbili.

Filamu hii ya Demon Slayer, mfululizo wa wawindaji wa mapepo, ilitoka Oktoba 2020 na kuipita Spirited Away kwa mapato ya kumbi za Japani, ikivuka yeni bilioni 40. Mapato hayanisaidii kupima. Kinachonishughulisha ni umbo lake, kwa sababu umbo lina kasoro iliyo wazi. Kwa sehemu kubwa adui ni Enmu, pepo anayewalaza abiria wa treni na kuwatega ndotoni. Tanjiro, shujaa wa mfululizo, anamshinda, treni inaanguka, hadithi imekwisha. Halafu, bila hodi, Akaza, pepo mwingine, anatua kutoka gizani na pambano jipya linaanza. Mwanafunzi akiniletea muswada wa namna hiyo ningemrudishia. Adui wa kilele hakutayarishwa. Ukitaka ushahidi, mwaka uliofuata filamu hiyo hiyo ilikatwa ikawa vipindi sita vya televisheni, na mkato unakaa pale kwa raha zake, kama vile uliandaliwa.

Lakini filamu inasimama, na ninadhani najua kwa nini. Rengoku, mwindaji anayekufa mwishoni, alikuwa ameonekana kidogo tu kwenye vipindi 26 vya mfululizo wa mwaka 2019. Hata mwenyeji hakuwa na kumbukumbu naye ya kutosha. Filamu ikabidi imjenge yenyewe, na ikamjenga kwa kazi. Enmu anapoungana na treni, Rengoku anafika kwa Tanjiro na kugawa majukumu haraka haraka: mabehewa ni manane, matano ya nyuma nitayalinda mimi, matatu watayalinda Zenitsu na Nezuko, wewe na Inosuke tafuteni shingo ya Enmu. Ndani wamo abiria 200. Kuanzia hapo tunajua kipimo chake. Alfajiri Akaza anapokimbilia msituni kuliogopa jua, ambalo huua mapepo, Tanjiro anamfokea huku akilia kwamba Rengoku hakushindwa, maana hakumwacha mtu hata mmoja afe. Maneno hayo yana nguvu kwa sababu mtazamaji anaweza kuyahakiki. Hesabu ilishatolewa. Ndiyo maana hata wageni hulia hapo, na mimi nimewaona wakilia.

Kuhusu ubora wa picha sina mengi. Filamu hupata pesa na muda kuliko kipindi cha kila wiki, kwa hiyo itapendeza. Ingekuwa ajabu isipopendeza. Sekunde moja ina fremu 24, lakini wachorao hushikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili au tatu, na kwenye televisheni mara nyingi kinachotembea ni mdomo peke yake. Kijana akiniambia "imechorwa vizuri", namtaka anionyeshe tukio ambalo mchoro huo ulimwambia jambo ambalo mazungumzo hayakusema. Sauti nayo usiihukumu kwa spika ya simu, wala chini ya mabati mvua ya jioni ya Kisumu ikinyesha. Vaa visikilizio.

Imebaki Infinity Castle ya mwaka 2025, nayo ya Demon Slayer, ambayo naulizwa karibu kila juma. Ina dakika 155, na Akaza amerudi. Tatizo la saa nililolieleza mwanzoni liko hapa lote: pambano linapamba moto, linasimamishwa kwa ajili ya kumbukumbu, linarudi, linakuja pambano lingine, nalo linasimamishwa vivyo hivyo. Kwenye kurasa za manga, vitabu vya katuni vya Kijapani, hilo halisumbui, kwa sababu msomaji anajipimia mwendo mwenyewe. Ukumbini mwendo ni wa mhariri. Kumbukumbu ya Akaza mwenyewe, kijana aliyekuwa akiiba ili amnunulie baba yake dawa, inastahili kila dakika iliyopewa, na inageuza maana ya yule aliyetua gizani kwenye Mugen Train. Ningefupisha zile zilizoitangulia ili hii ifike kwa mtazamaji ambaye bado ana pumzi. Na kwa kuwa ni ya kwanza kati ya filamu tatu, haina mwisho wa kuupima. Kwa Akaza nimeipa alama za juu. Sehemu ya mwisho kwenye daftari langu nimeiacha wazi mpaka zitoke zote.