“Mali ya Mjerumani” na mengine tunayoyakosea kuhusu magofu ya pwani

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, jengo linalokupokea ni Gereza, ngome ya kale, limesimama ukingoni mwa maji. Nyuma yake kuna kijiji: nyumba za udongo, mbuzi, visima, watoto. Nalitaja hili mapema kwa sababu picha nyingi za Kilwa huonyesha kuta tupu, kana kwamba kisiwa kilihamwa zamani. Makosa yetu mengi kuhusu mambo ya kale yanaanzia hapo, kwa kuwaondoa wenyeji pichani.

“Wanaochimba wanatafuta hazina”

Hii ndiyo dhana inayoleta hasara kubwa. Tanzania nzima kuna simulizi za mali ya Mjerumani, ile inayosemwa wakoloni wa Kijerumani waliificha ardhini: rupia, dhahabu, ramani ya siri. Mtafiti akija na mwiko, brashi na chekeche, akashinda wiki nzima ndani ya shimo dogo, lazima majirani wajiulize anaficha nini. Akiondoka, mwingine anakuja usiku na sululu.

Kinachotafutwa ni mifupa ya samaki, mbegu za nafaka, vigae (vipande vya vyungu), majivu ya jiko, na jinsi tabaka moja la udongo lilivyolala juu ya jingine. Chukua sarafu moja ya shaba yenye jina la Sultani al-Hassan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14. Ilipatikana Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Kwa sonara haina bei. Kwa historia ni ushahidi unaoshikika kwamba Kilwa na nchi ya dhahabu huko bara zilifikiana. Lakini ushahidi huo upo kwa sababu tunajua ilikopatikana. Ingeuzwa mjini kimyakimya, ingekuwa kipande cha shaba tu.

Na lawama si ya wanakijiji peke yao. Mtafiti anayefukia shimo na kuondoka na maboksi, bila kukaa barazani na wazee awaeleze alichokiona, ameupanda uvumi kwa mkono wake.

“Yalijengwa na wageni”

Kilwa wanasimulia Mshirazi, mtu wa Shiraz huko Uajemi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo, na nasaba za Kiajemi kweli zimo: uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2023 uliziona kwenye mifupa ya watu wa miji ya kale ya pwani, zimechanganyika na za Kiafrika, hasa upande wa akina mama. Wageni walikuja, wakaoa, wakawa watu wa hapa. Ila miji ilikuwepo. Huko Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, Kenya, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti na udongo, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Mji ulikua mahali pale pale, hatua kwa hatua. Na Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331, alisema wakazi wake wengi ni Wazanji, weusi.

“Ukuta ukipasuka, saruji ndiyo dawa”

Anayesema hivi ana nia njema, ndiyo maana inauma. Kuta za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo unapumua: maji huingia na kutoka. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi ya bahari hubaki ndani. Chumvi ikikauka hugeuka fuwele, hutanuka, na kumega jiwe kwa ndani. Nje unaona ukuta mzuri, mpaka siku plasta inapobanduka na nusu ya jiwe.

Dawa ni chokaa, na ujuzi wake ni wa pwani: magogo yanapangwa, mawe ya matumbawe juu yake, tanuri linawashwa, kisha chokaa inaachwa ipoe na kuiva kwa miezi kabla ya kutumika. Fundi aliyejifunza kazi hii kwa baba yake anajua jambo ambalo mhandisi mwenye shahada huenda hakulifundishwa. Hapa kumshirikisha mwenyeji ni zaidi ya heshima. Bila yeye kazi inaharibika.

“Kigae kimoja hakina madhara”

Kina. Kiache, kipige picha mahali kilipo, umwambie mtendaji wa kijiji au mhifadhi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, hata vilivyo shambani mwako.

“Bahari haizuiliki”

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakahesabiwa kuwa hatarini. Mawimbi yalikuwa yakila ufuo karibu na Gereza na Msikiti wa Malindi. Mikoko ilipandwa, kuta zikakarabatiwa, wanakijiji wakiwemo kazini, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha ya hatari. Mmomonyoko haujakoma. Mikoko ikikatwa kwa boriti na kuni, maji yanarudi. Mtaalamu huja mara moja kwa mwaka, pengine asije. Mvuvi anapita mbele ya Gereza kila alfajiri, na simu yenye kamera anayo mfukoni: picha ya ukuta uleule, kutoka pembe ileile, kila baada ya masika, ndiyo kumbukumbu ambayo hakuna mradi wa miaka miwili unaoweza kuipata.