Je, wajua kwa nini wasanii wa siku hizi wanatumia bunduki na vifuniko vya chupa badala ya rangi?

Picha za kazi za namna hii zinazunguka sana mtandaoni, mtu kasimama ndani ya makumbusho anakodolea macho vyuma chakavu vilivyoungwaungwa, halafu chini watu wanakomenti "hata mimi naweza hiyo". Sawa, kuunga vyuma pengine unaweza kweli. Ila swali ni kwa nini kachukua vyuma vile na sio vingine, hapo ndo kuna utamu.

Jibu la haraka ni kwamba kitu kilichowahi kutumika kinakuja na ushahidi wake. Ukichora bunduki unatusimulia tu habari za bunduki, na mtu anaweza kusema umetia chumvi. Ukileta bunduki yenyewe iliyokuwa vitani, hapo hakuna wa kubisha.

Chukua Msumbiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1992 lakini silaha zikabaki zimezagaa, zingine watu wamezifukia ardhini, basi 1995 baraza la makanisa la kule likaanzisha mpango wa kubadilishana, unasalimisha silaha unapewa kitu cha kazi, jembe, cherehani, baiskeli, vifaa vya ujenzi. Zile silaha zinaharibiwa zisifyatue tena, vipande wanapewa wasanii. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, wengi wanamjua kama Kester, 2001 akaunganisha vipande hivyo vikawa kiti cha enzi, leo kiko kwenye makumbusho ya British Museum kule London. Ukikiangalia kwa karibu, kwenye egemeo kuna vitako vya bunduki vyenye matundu ya skrubu na ya mkanda, na matundu yale yamekaa kama sura ya mtu anayetabasamu. Hakuyachonga yeye, kayakuta hivyohivyo. Na sasa sikia hii, kwenye kiti kizima hakuna hata bunduki moja iliyotengenezwa Msumbiji, zote zililetwa kutoka nje. Kwa hiyo umekaa pale unaangalia kiti tu, lakini kichwani unajiuliza nani aliuza, nani alinunua, na nani alitaka kukalia madaraka kwa mtutu, wakati msanii mwenyewe hajaandika hata herufi moja.

Kolombia nako kuna kazi ya msanii wa huko, Doris Salcedo, na kwangu mimi inakipita kile kiti. Baada ya mkataba wa amani wa 2016 kati ya serikali na waasi wa FARC, waasi hao walikabidhi silaha zao, na yeye akapata tani 37 za kuyeyusha. Kilichotegemewa ni mnara wa kumbukumbu. Akakataa, hakutaka silaha zisimame juu watu wazitazame kwa heshima, akazigeuza sakafu. Wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono wakati wa vita ndio waliogonga kwa nyundo bati za kutengenezea kalibu (maumbo ya kumiminia chuma kilichoyeyushwa) za vigae, kwa hiyo yale mabonde na makovu unayoyaona kwenye sakafu ni mikono yao. Sehemu inaitwa Fragmentos, ipo Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilifunguliwa 2018, na ukiingia unazikanyaga zile bunduki utake usitake. Kiti cha enzi, hata kiwe cha kutisha vipi, bado kina ukubwa fulani, mtu anaweza kutamani kukikalia. Sakafu nani anaitamani?

Mimi huwa nina kipimo kimoja cha kujua kama msanii yuko siriasi au anatupiga changa la macho: badilisha materio, yaani kitu kazi ilichotengenezewa, kichwani mwako uone kazi inapoteza nini. El Anatsui, Mghana aliyeishi na kufundisha Nigeria miaka mingi, anaunga maelfu ya vifuniko vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka inatoka kama shuka kubwa la dhahabu linaloning'inia ukutani. Weka vifungo vya mashati badala yake, bado litapendeza, ila pombe kali ndo ilikuwa moja ya bidhaa Wazungu walizoleta pwani ya Afrika Magharibi enzi za biashara ya watumwa, na hiyo habari yote inapotea. Kazi nyingi zinafeli kipimo hiki, tusidanganyane, taka zikiwekewa taa nzuri bado ni taka.

Sasa kwenye pafomansi, yaani sanaa ambayo kazi yenyewe ni kitendo msanii anachokifanya na watu, materio ni mwili wa msanii, na mara nyingi wewe mtazamaji pia. 1974 kule Naples, Italia, msanii Marina Abramović alisimama kimya kwa masaa 6, mezani kuna vitu 72, ua, asali, mkasi, hadi bastola na risasi moja, na maelekezo kwamba watu wamfanyie wanachotaka, lawama zote juu yake. Mwanzo watu walikuwa wapole, baadaye nguo zikachanwa, akakatwa, bastola ikaelekezwa kwake hadi watazamaji wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Mwenyewe anasimulia kwamba muda ulipoisha akaanza kuwasogelea, wakakimbia. Alisimama tu, sasa hapo aliyeonyeshwa ni nani?

Lakini sio lazima damu. Msanii wa Marekani Mierle Laderman Ukeles yeye kati ya 1979 na 1980 alizunguka New York yote akimpa mkono kila mzoa taka wa jiji, watu kama 8,500, na kila mmoja anamwambia asante kwa kuliweka jiji hai. Ni salamu tu, hakuna cha kununua wala cha kutundika ukutani. Ila fikiria ungekuwa wewe ndo mzoa taka, watu wanakukwepa kila siku hata mkono hawakupi, halafu anakuja mtu anakuambia hii ni sanaa na wewe umo ndani yake.