Nyuso za Mawe za Waxahachie: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Ukishuka kusini kutoka Dallas, mwendo wa kama nusu saa kwa gari, mnara mwekundu huanza kuonekana kabla ya mji wenyewe. Hilo ndilo jengo la mahakama ya Kaunti ya Ellis, jimbo la Texas, katikati ya Waxahachie. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1895, ujenzi ukakamilika 1897. Wengi hudhani ni mahakama ya kwanza ya kaunti hiyo. Ni ya nne.

"Nyuso zile alizichonga mtu aliyekataliwa na mpenzi"

Hii ndiyo hadithi kuu. Kwenye vichwa vya nguzo za milangoni zimechongwa nyuso: nyingine za kike, nzuri na tulivu, nyingine zimekunjamana, meno nje, zinatisha. Husimuliwa kwamba fundi mmoja, Harry Herley, alipanga chumba mjini, akampenda binti wa nyumba ile aitwaye Mabel Frame, akawa anachonga sura yake. Binti alipomkataa, kila uso uliofuata ukawa mbaya kuliko uliotangulia.

Ni simulizi tamu, na haina ushahidi. Watafiti wanaitaja karakana ya Theodore Beilharz ya Dallas kuwa ndiko mawe hayo yalikochongwa, kisha yakaletwa Waxahachie kupachikwa. Tena sura za kutisha ni sehemu ya mtindo wa usanifu uliofuatwa katika jengo hili. Mwanzilishi wake, msanifu Mmarekani Henry Hobson Richardson, aliyefariki 1886, aliufufua usanifu wa makanisa ya Ulaya ya karne ya 11 na 12, yenye kuta nene na matao ya duara. Katika makanisa yale mwanamwali na zimwi walikaa nguzo moja karne nyingi kabla Texas haijawa na jina.

Kinachoniuma katika hadithi ya Herley ni jinsi inavyowanyang'anya mafundi haki yao. Kukunja paji la uso katika jiwe, likabaki limekunjwa zaidi ya miaka 120, ni kazi ya mkono uliotulia. Aliyejawa na hasira angelipasua jiwe lenyewe.

"Mnara ni wa saa na fahari tu"

Saa ipo, na fahari pia. Lakini msanifu wa jengo, James Riely Gordon, alikuwa anapambana na joto. Kiangazi cha Texas hupita nyuzi 35 kwa urahisi, na wakati ule viyoyozi havikuwapo. Kwa hiyo Gordon alichora jengo lenye umbo la msalaba, akaweka baraza za kuingilia kwenye pembe za ndani, na katikati akaacha uwazi wa ngazi unaopanda kuelekea mnarani. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu. Ikipanda, huvuta hewa ya barazani na madirishani iingie vyumbani. Aliyekulia katika nyumba ya kale ya Lamu au Mji Mkongwe, yenye ua wa ndani ulio wazi juu, hahitaji kuchorewa.

Gordon aliutumia mpango huo katika kaunti nyingine kadhaa. Jengo lake la Decatur, Kaunti ya Wise, linafanana na la Waxahachie kiasi kwamba picha zake huchanganywa.

"Kaunti za mashambani zisingeweza kumudu majengo haya"

Ziliyamudu kwa mkopo. Sheria ya jimbo ya 1881 iliziruhusu kaunti kutoa hatifungani, yaani hati za kukopa fedha kwa umma, za kujengea mahakama, na Ellis ilikuwa na pamba ya kulipia deni.

"Jaji wa kaunti ni lazima awe mwanasheria"

Sivyo. Huko Texas jaji wa kaunti huchaguliwa kwa kura, na ndiye mwenyekiti wa baraza linaloendesha kaunti, ingawa baraza hilo nalo huitwa mahakama. Katiba ya jimbo inamtaka awe mwenye ufahamu mzuri wa sheria za jimbo, basi. Ndiyo maana majengo haya yalibeba pia hati za ardhi, leseni za ndoa na vitabu vya kodi. Likiungua moja, watu hupoteza ushahidi wa mashamba yao.

"Jengo la mawe haliungui"

Waulize majirani wa Ellis upande wa kusini-magharibi, Kaunti ya Hill. Jengo lao la Hillsboro, lililosanifiwa na W. C. Dodson na kujengwa 1890, liliwaka moto tarehe 1 Januari 1993. Kuta ni mawe, lakini paa na sakafu zilishikiliwa na mbao. Mnara uliporomoka, zikabaki kuta. Mwanamuziki Willie Nelson, mzaliwa wa kaunti hiyohiyo, alipiga muziki kuchangisha fedha za ukarabati. Mwaka 1999 lilifunguliwa tena, mnara wake ukiwa umesimama upya.