Mizunguko 32 Haimfanyi Mtu Kuwa Mchezaji Mkuu wa Baleti

Kila msimu wa usaili ananijia mwanafunzi, au mzazi wake, na video kwenye simu: fuete, yaani mizunguko ya mfululizo juu ya mguu mmoja, zimehesabiwa moja moja mpaka 32. Halafu swali lilelile: "Sasa amebakiza nini kuwa mchezaji mkuu?" Amebakiza karibu kila kitu.

Hesabu hiyo ilianza na Pierina Legnani, Mwitalia aliyezipiga fuete hizo St. Petersburg mwaka 1893 katika baleti ya Cinderella, akazirudia mwaka 1895 katika Swan Lake ya watunzi wa dansi Petipa na Ivanov. Tangu hapo watu wameng'ang'ania namba na kumsahau mhusika. Fuete zote 32 hazimalizi hata dakika moja, katika mchezo unaozidi saa mbili. Tena si lazima ziwepo. Maya Plisetskaya, nyota wa baleti ya Bolshoi ya Moscow, aliziacha akazunguka jukwaa zima kwa kasi badala yake, na cheo chake hakikutikisika.

Kazi yenyewe iko kwingine. Katika Swan Lake mtu mmoja hucheza Odette, binti aliyelogwa kuwa batamaji, na Odile, binti wa mchawi anayejifanya Odette. Katika sehemu ya pili, Odette anacheza adajio, yaani dansi ya polepole, fidla moja ikiongoza, na hana kasi ya kufichia kosa. Mguu ukipanda kwa pupa, ukumbi mzima unaona. Katika sehemu ya tatu anaingia Odile, na kuna nukta ambapo anaiga mikono ya Odette ili kumhadaa Siegfried, mwana wa mfalme anayempenda Odette: mikono ni ileile, lakini shingo na macho vinasema jambo jingine. Akishamaliza fuete, miguu ikiwaka moto, anarudi kuwa Odette wa sehemu ya nne, mwenye huzuni. Asiyejua kugawa pumzi tangu mwanzo hafiki huko akiwa mzima.

Na baleti ya Giselle, ya mwaka 1841? Humo sifa ya mchezaji mkuu hupimwa pale binti anapopata wazimu. Anachuma petali za ua lisilokuwepo, anarudia hatua alizocheza na Albrecht, mpenzi aliyemdanganya, zikiwa zimevurugika. Hesabu mizunguko hapo uone kama itakusaidia.

Wanafunzi wangu ninawapa sharti moja. Kabla ya kugusa fuete, nieleze kwa ishara za mikono, bila kufungua mdomo, jinsi Odette anavyomwambia mwana wa mfalme kwamba ziwa lile ni machozi ya mama yake. Nikikuelewa, tutaendelea. Wengi hukasirika, nami silegezi.

Wala cheo hakipatikani kwa video. Kwenye baleti ya Opera ya Paris, mashindano ya ndani yamezoeleka kupandisha wachezaji ngazi za chini, lakini étoile, ngazi ya juu kabisa, huteuliwa na uongozi, mara nyingi papo hapo jukwaani onyesho linapokwisha.

Madai mengine ninayoyasikia nayajibu kwa kifupi.

"Asiyeanza akiwa na miaka mitatu amechelewa." Misty Copeland alianza akiwa na miaka 13. Mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre.

"Ukifika miaka 30 umekwisha." Mwingereza Margot Fonteyn alikuwa na miaka 42 alipocheza Giselle na Rudolf Nureyev mwaka 1962. Opera ya Paris wenyewe wameweka umri wa kustaafu kuwa 42.

"Viatu vya kusimamia vidole vina mbao ndani." Havina. Kwa kawaida ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizoshikanishwa kwa gundi. Joto na jasho huvilainisha, na jozi moja inaweza kufa kwa onyesho moja.

"Mwanamume kazi yake ni kubeba tu." Ana dansi zake za peke yake, na miruko yake haina mzaha. Hata huko kubeba ni kazi ya wawili: mwanamke hukunja goti na kuruka kwa wakati, mwanamume hudaka mruko huo ukiwa unapanda na kuumalizia juu. Mwanamke asiporuka, mgongo wa mwenzake ndio unaolipa.