Mashine ya kufyekea inagoma kuwaka: yanayosemwa na ukweli wake

Mvua za vuli zikianza tu, mafundi wa mashine ndogo wanapokea mteja wa aina moja. Amebeba begani mashine ya kufyekea ya petroli, ile ya kuzungusha uzi wa nailoni au kisu, na maneno yake ni yale yale: "Mbona niliiweka nzima kabisa!" Na kweli aliiweka nzima. Majani yalikauka mwezi wa sita, mashine ikaingia stoo na petroli yake tankini, na sasa kamba inavutwa mpaka bega linauma.

Injini hii haina mambo mengi. Inataka petroli inayoshika moto, plagi inayotoa cheche, hewa ya kuingia na njia ya moshi kutoka, na mgandamizo ndani ya silinda. Ikikosa kimojawapo haiwaki. Tatizo ni washauri. Kila anayepita ana lake la kusema, na ushauri mwingine unaharibu mashine ambayo ilikuwa na kasoro ndogo tu.

"Petroli haiozi, ni ile ile tu."

Kama ningeruhusiwa kufuta dhana moja tu, ningefuta hii. Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyoshika moto upesi injini ikiwa baridi, na ndivyo vinavyoyeyukia hewani kwanza. Kwa hiyo petroli iliyokaa miezi minne bado inanuka petroli, bado inaungua, lakini injini baridi haiitaki. Watengenezaji wengi wanataka petroli iliyochanganywa na oili itumike ndani ya siku 30 hivi. Stoo yenye bati la moto kichwani inaufupisha muda huo, na ile inayouzwa kando ya barabara kwenye chupa ya maji iliyoshinda juani imeshaanza kuchoka kabla hujailipia.

Tena haichakai bila kuacha kitu. Inayobaki ndani ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hukauka ikawa utando wa kahawia unaonata, na matundu ya humo ni membamba mno, hayahitaji uchafu mwingi ili yazibe.

Basi anza na tanki. Mwaga yote; kuongezea mpya juu ya kuukuu ni kuiharibu hiyo mpya. Mimina kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo safi, iache itulie: kama kuna maji utayaona yamekaa chini peke yake, yamejitenga na petroli. Kisha chukua waya, pinda ncha yake, uvute mpira wa mafuta utoke kwenye mdomo wa tanki. Mwishoni mwake kuna kichujio kidogo, pengine hakijawahi kubadilishwa tangu mashine inunuliwe. Na huo mpira wenyewe ukunje kwa vidole. Ukiwa umekakamaa na una nyufa, unavuta hewa badala ya petroli, na hapo hata uvute kamba kutwa nzima ni kazi bure.

"Ukibonyeza sana kile kipira, injini inajaa mafuta."

Kwenye mashine nyingi za kufyekea, sivyo. Kile kipira laini cha kubonyeza hakirushi petroli ndani ya silinda. Kinaondoa hewa kwenye kabureta na kuvuta petroli kutoka tankini. Ikizidi, inarudi tankini kwa mpira wa pili. Bonyeza mpaka uone petroli imejaa ndani yake. Usipoiona kabisa, rudi kwenye mpira uliopasuka.

"Weka choki, vuta mpaka iwake."

Kinachojaza injini mafuta ni hiki. Choki inaziba hewa ili petroli iwe nyingi kuliko kawaida, jambo linalofaa injini ikiwa baridi kabisa. Ukivuta mara chache utasikia mlio mfupi, kama mtu aliyekohoa mara moja kisha akanyamaza. Wengi hawaujali, wanaendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa vile vile. Kumbe mlio huo unakwambia petroli imefika na imeshika moto. Palepale fungua choki (kama ina nafasi ya katikati, iweke hapo), kisha vuta tena. Ukiupita mlio huo bila kugusa choki, petroli inajaa, plagi inalowa, na plagi iliyolowa haichomi kitu.

Ikishafika hapo, fungua plagi na uipanguse ikauke. Fungua choki kabisa, shika eksileta mpaka mwisho, swichi ikiwa imezimwa, kisha vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje ili petroli iliyozidi itoke. Itatoka kama mvuke kupitia tundu la plagi, kwa hiyo asiwepo mvuta sigara wala jiko karibu, na uso wako uwe pembeni. Rudisha plagi, vuta bila choki.

Na injini iliyotoka kufanya kazi sasa hivi haihitaji choki. Wapo wanaoiweka kila wanapowasha, halafu wanashangaa kwa nini mashine inawaka asubuhi tu.

"Oili ni oili, na ikizidi kidogo ndiyo injini inadumu."

Hapa pana dhana tatu zimefungwa fundo moja.

Kwanza, si kila mashine inachanganyiwa oili. Injini za stroki mbili zinalainishwa na oili iliyo ndani ya petroli yenyewe, hazina pengine pa kuiweka. Zile za stroki nne, kama Honda GX35, zina mahali pao pa oili na zinatumia petroli tupu. Kama pembeni ya injini kuna kifuniko cha kupimia oili, ni stroki nne. Ukiipa mchanganyiko unaipa moshi na plagi chafu.

Pili, oili ya injini ya gari haikutengenezwa ili iungue pamoja na petroli. Na huku pwani, mwenye boti humwazima jirani oili ya injini ya boti kwa moyo safi kabisa: nayo si ni stroki mbili? Ni kweli, ila injini ya boti inapozwa kwa maji, na oili yake, ile yenye alama ya TC-W3, imetengenezwa kwa hali hiyo. Mashine ya kufyekea inapozwa kwa upepo wa feni yake na inachemka zaidi. Tafuta kopo la oili ya stroki mbili lenye alama ya JASO FC au FD.

Tatu ni kipimo. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. 25 kwa 1 ni mililita 40. STIHL, kwa mfano, wanataka 50 kwa 1 kwa oili yao, ilhali vijitabu vya mashine nyingine vinataka oili zaidi. Soma cha kwako, kisha pima kwa bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, siyo "kifuniko kimoja", maana vifuniko havilingani. Oili ikizidi, plagi inaingia masizi na egzosi inaziba. Tena kadiri oili inavyochukua nafasi ndivyo petroli inavyopungua katika kila tone.

Kuna na ule ushauri wa "iamshe kwanza kwa petroli tupu". Inaweza kuamka, hilo silikatai. Lakini injini ya stroki mbili isiyo na oili inakwaruza pistoni yake ndani ya dakika chache.

"Nunua plagi mpya."

Plagi mpya ni rahisi, ndiyo maana kila mtu anaanzia hapo. Kabla ya kwenda dukani, tazama swichi. Wakati wa kubeba mashine swichi inagusika ikakaa kwenye kuzima, na watu wamefikisha mashine kwa fundi kwa sababu hiyo tu. Halafu fungua plagi, ipachike kwenye waya wake, chuma chake kiguse chuma cha injini mbali na tundu la plagi, kisha vuta kamba kivulini. Shika kwa koleo lenye mpira, siyo kwa vidole, kwani umeme wake ni wa maelfu ya volti. Cheche ya buluu yenye nguvu ni dalili njema. Kama haipo hata kwa plagi nzuri, chomoa waya wa swichi unaokwenda kwenye koili, kile kifaa kinachotengeneza umeme wa plagi, ujaribu tena. Cheche ikirudi, swichi au waya wake ndio mbovu. Isiporudi, tazama koili. Nafasi kati ya koili na flaiwili, lile gurudumu linalozunguka na injini, kwa kawaida ni kama milimita 0.3, na kutu ya unyevu wa stoo hukaa hapo hapo.

"Kaza au legeza zile skrubu za kabureta."

Mashine iliyowaka vizuri mwezi wa sita haikubadilishiwa skrubu na panya. Skrubu haijizungushi yenyewe. Kilichobadilika ni petroli, uchafu, au dayaframu, vile vigozi vyembamba ndani ya kabureta ambavyo hukakamaa vikikaa na petroli kuukuu. Ukizigusa skrubu kabla ya kusafisha, utakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Na lile tundu la shaba la kupitishia petroli ndani ya kabureta lisichokonolewe kwa waya wa chuma. Litapanuka, na halirudi. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa kompresa.

"Mbona chujio la hewa ni safi?"

Hewa inaingia, sawa. Je, moshi unatoka? Ndani ya egzosi za mashine nyingi kuna kiwavu kidogo cha kuzuia cheche zisichome majani makavu. Kikizibwa na masizi, injini inakataa kuwaka au inawaka ikiwa haina nguvu. Kinafunguka kwa skrubu moja au mbili na kusafishwa kwa brashi ya waya. Mashine ikiwaka halafu ikazima baada ya dakika kadhaa, legeza kifuniko cha tanki: ukisikia hewa inaingia kwa kishindo, kitundu cha pumzi cha tanki kimeziba.

"Hii injini imekufa, tafuta nyingine."

Mara nyingine ni kweli, ila usikubali kwa maneno. Vuta kamba taratibu. Injini nzima inakukatalia kidogo kila pistoni inapopanda. Iliyochoka inakuja laini kama haina kitu ndani. Kisha fungua egzosi na umulike kwenye tundu la moshi kwa tochi ya simu, huku ukivuta kamba polepole mpaka pistoni ijitokeze. Pistoni nzima ina uso laini, pengine na alama nyembamba za kuchongwa kiwandani. Ukiona mikwaruzo mirefu ya wima, imechimbika, upande huo wa egzosi, pistoni imeungua kwa kukosa oili au kwa joto, na pengine silinda nayo. Bei ya silinda, pistoni na ringi ilinganishe na bei ya mashine mpya kabla hujamwachia fundi. Kama hakuna mikwaruzo na kamba inakataa inavyotakiwa, mwambie aliyekutangazia msiba afungue kabureta.